Namna ya Kudurusi Sayansi Chuoni

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakisha kutoka na vyuo vikisha kutangaza majina ya waliochaguliwa, furaha huingia katika baadhi ya nyumba za Kamuli, wilayani Kyerwa, kama iingiavyo katika nyumba nyingi za nchi hii: kijana wa nyumba hiyo amepata nafasi ya kusoma sayansi katika chuo kikuu. Huyu anakwenda Dar es Salaam kusomea uhandisi, yule Muhimbili kusomea utabibu, mwingine Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, kusomea kilimo. Hapo kahawa huuzwa, na ikiwa haitoshi, mbuzi au ng'ombe hufuata. Kijana hununuliwa sanduku na godoro, akapanda basi kwenda mji ulio mbali na kwao kwa zaidi ya kilomita 1,000.

Furaha hiyo ina haki yake. Lakini wako katika vijana hao ambao mwisho wa mwaka wa kwanza hujikuta wakifanya mitihani ya marudio. Na wako ambao huondolewa chuoni kabisa, wakarejea nyumbani na deni la mkopo na aibu isiyowastahili. Twasema isiyowastahili kwa sababu wengi wao si wajinga wala si wavivu. Walikuwa wa mbele katika shule zao, na huko chuoni walikesha na madaftari yao usiku baada ya usiku. Kilichowaangusha ni namna yao ya kusoma. Walisoma, wakarudia kusoma, wakapiga mistari kwa kalamu ya rangi, mpaka kila ukurasa ukawa hauna tena sura ngeni machoni mwao. Wakadhani kwamba kwa kuwa wautambua ukurasa, basi wayajua yaliyomo. Siku ya mtihani karatasi ikaja, ukurasa haupo, na yaliyomo yakakosekana pamoja nao.

Ndugu msomaji, jambo tulitakalo kulieleza hapa ni moja. Elimu hupimwa kitabu kikiwa kimefungwa; kwa hiyo na kujifunza kwenyewe, kwa sehemu kubwa, sharti kufanywe kitabu kikiwa kimefungwa. Mengine yote tutakayoyataja ni matawi ya shina hilo.

Saa zisizoandikwa katika ratiba

Shuleni mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi akanakili, na kengele humwambia aingie na atoke. Chuoni mwalimu hutoa muhadhara kwa saa moja mbele ya watu mia mbili au mia tatu, akaondoka. Nani amefahamu na nani hakufahamu, yeye hajui mpaka siku ya jaribio.

Katika vyuo vikuu vya Tanzania somo hupimwa kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Somo lenye krediti 12, basi, ladai saa 120. Zigawe saa hizo kwa majuma 15 ya muhula, utapata saa 8 kila juma kwa somo hilo moja. Tuseme mihadhara, mazoezi na maabara yamechukua saa 4 au 5. Saa 3 au 4 zilizobaki haziko katika ratiba iliyobandikwa ukutani, wala hapana atakayeuliza zimekwenda wapi. Mwenye masomo matano ya namna hiyo ana saa 15 mpaka 20 za juma ambazo amekabidhiwa yeye mwenyewe. Mwanafunzi asiyejua kuwa saa hizo zipo hudhani ana nafasi. Na alizozidhania nafasi ndizo zilizokuwa masomo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mgeni wa chuo ni kuziandika saa hizo katika ratiba yake, kila moja na somo lake na siku yake. Kijana wa Kiislamu ana msaada mmoja hapa, maana siku yake imekwisha gawanywa kwa nyakati tano, wala hana haja ya kengele. Baada ya Alfajiri akili imepumzika na mabweni ni kimya. Hapo ndipo mahali pa hesabu ngumu. Baina ya Magharibi na Isha pafaa kuyakumbuka yaliyofundishwa mchana wa siku ile ile, kabla hayajapoa. Jambo lililofungamanishwa na wakati ambao haukosi kuja, nalo huja. Lililoachwa mpaka "nikipata nafasi" halina siku yake.

Walijualo walimu wa madrasa

Mtoto aliyepitia madrasa aijua njia hii ya kufunga kitabu tangu utotoni. Mwalimu humpa aya chache akazisoma kwa kutazama. Kisha humwambia afunike msahafu asome kwa ghaibu. Akikwama, haonyeshwi mara moja. Huachwa ajitafute kidogo, ndipo akaelekezwa. Kesho yake huulizwa ya leo na ya jana, na baada ya siku kadhaa hurudishwa nyuma tena, ili yaliyotangulia yasisukumwe nje na yaliyofuata. Hapana mwalimu wa madrasa aliyeridhika na mwanafunzi kwa kumwona tu ameufungua msahafu mara kumi.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wameyapima mambo haya. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha jinsi mambo yaliyohifadhiwa yapoteavyo kwa haraka katika saa na siku za mwanzo, na jinsi kurudia kwa kuacha nafasi baina ya siku na siku kunavyofaa kuliko kurudia kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Washington University katika mji wa St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi za sayansi. Kundi moja lilisoma habari hiyo katika vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu likajaribu kuyaandika yaliyosomwa bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, wasomaji wa kurudia walikumbuka asilimia 83, na wale wa kujaribu asilimia 71. Lakini walipopimwa baada ya juma moja, waliorudia kusoma walibakiwa na asilimia 40, na waliojaribu kukumbuka walikuwa na asilimia 61.

Yafaa kuitazama sana tofauti hiyo ya dakika 5 na juma moja, maana ndiyo mtego wenyewe. Anayerudia kusoma usiku huona kweli kwamba ameyajua, na wakati ule hakosei. Kosa huonekana baadaye, katika mtihani wa mwisho wa muhula, naye hashuku namna yake ya kusoma, bali hushuku akili yake.

Daftari likifungwa

Kutenda kwenyewe si kugumu kueleza. Siku ile ile ya muhadhara, mwanafunzi achukue karatasi tupu, afunge daftari, aandike yote ayakumbukayo: maana ya maneno, kanuni, michoro, na hoja za mwalimu kwa utaratibu wake. Ikiwa somo ni biolojia, achore moyo na mishipa yake, na aonyeshe damu yaingia wapi na yatoka wapi. Ikiwa ni kemia, aandike mlinganyo wa mmenyuko na kuusawazisha. Akimaliza, afungue daftari, na kwa kalamu ya rangi nyingine atie yale aliyoyasahau. Wino huo wa pili ndio humwonyesha la kusoma. Baada ya siku mbili afanye tena, kisha baada ya juma, kisha baada ya mwezi. Kila mara huchukua muda mfupi zaidi kuliko mara iliyopita.

Kwa masomo ya hesabu na fizikia, kukumbuka maneno hakutoshi. Sharti mkono utende. Mfano uliofanywa na mwalimu ubaoni huonekana mwepesi, kwa sababu mwalimu amekwisha chagua kanuni ya kutumia, na kuichagua ndiko kugumu. Basi mwanafunzi aufunike mfano huo aufanye upya peke yake. Kisha aubadilishe. Tuseme ameulizwa jiwe ladondoka kutoka juu ya mnara wa mita 20, litafika chini baada ya muda gani. Hesabu yaleta yapata sekunde 2. Sasa ajiulize: je, kama mnara huo ungekuwa juu ya mwezi, ambako mvutano ni yapata sehemu moja katika sita ya mvutano wa dunia? Aliyehifadhi jibu atabaki na 2 yake. Aliyehifadhi kanuni bila kuifahamu pengine atazidisha kwa 6, apate 12. Aliyefahamu ataona kuwa muda hukua kwa kipeuo cha pili cha sita, yaani mara 2 na nusu hivi, akapata yapata sekunde 5.

Kadhalika mitihani ya miaka iliyopita. Wengi huisoma pamoja na majibu yake, wakitikisa kichwa kwa kukubali. Faida yake iko katika kuifanya kwa saa, mlango umefungwa, kitabu kikiwa mbali, na majibu yakatazamwa mwisho.

Swali la Mpemba

Hata hivyo kukumbuka na kukokotoa si sayansi yote. Nchi hii yetu ina kisa ambacho kila mwanafunzi wa sayansi yafaa akijue. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Wanafunzi pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe kabla ya kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa chache, na Mpemba, akiogopa kuikosa, aliyaweka maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu aliyakuta yake yameganda, na ya mwenziwe aliyeyaweka bila kuyachemsha yangali uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake, akajibiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na darasa likamcheka. Hakuliacha. Alipofika pale mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwalimu wa fizikia Denis Osborne, Mpemba alisimama akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35 katika vyombo viwili vilivyo sawa. Osborne naye alishangaa, lakini aliporudi aliamuru jambo hilo lijaribiwe katika maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari hiyo pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza, na tangu hapo jambo hilo huitwa duniani kote kwa jina la Mpemba. Mpaka leo wataalamu wanabishana: wako wanaolieleza kwa sababu hii au ile, na wako wanaosema kuwa vipimo makini havilithibitishi.

Mabishano hayo hayampunguzii mwanafunzi fundisho lake. Mpemba aliona, akaandika moyoni alichokiona, akakijaribu tena, akauliza mtu mwenye vyombo vya kupimia. Zaidi ya miaka 900 kabla yake, Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Kairo yapata mwaka 1040, alitenda vivyo hivyo katika elimu ya mwanga. Alisoma vitabu vya Wayunani kwa heshima, lakini hakuikubali hoja kwa ukubwa wa jina la mwenye kuisema; aliipima kwa majaribio, akaonyesha katika kitabu chake cha elimu ya kuona kwamba twaona kwa mwanga uingiao jichoni, wala si kwa miali itokayo jichoni.

Kwa hiyo katika maabara mwanafunzi aandike kipimajoto kilichosema, hata kama si kile kitabu kilichoahidi. Kisha atafute sababu ya tofauti. Anayenakili namba za mwenziwe apata alama za siku ile, na somo limempita. Na swali lisiloeleweka lipelekwe kwa mwalimu katika juma la tatu, wakati bado ni dogo. Wengi hulipeleka juma la kumi na nne, limekwisha zaa mengine ishirini.

Lugha tatu katika kichwa kimoja

Kijana wa Kamuli husema Kinyambo nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na tangu sekondari mpaka chuoni hufundishwa sayansi kwa Kiingereza. Wengi huhifadhi sentensi za Kiingereza neno kwa neno, na neno moja likitoroka, sentensi nzima huanguka.

Dawa yake ni kuieleza kila maana kwa lugha aiotayo, kisha kuirudisha katika lugha ya mtihani. Na katika kufanya hivyo ajihadhari, maana maneno ya nyumbani hayalingani sikuzote na ya maabara. Mchukuzi asimamaye na gunia la kahawa kichwani kwa saa nzima sote twasema amefanya kazi. Kwa lugha ya fizikia hakulifanyia gunia lile kazi yoyote, maana halikusogea. Sokoni twasema uzito wa kilo 50. Katika fizikia kilo hupima tungamo, ambalo halibadiliki hata mtu akienda mwezini, na uzito ni nguvu ambayo hubadilika. Mwanafunzi aweke daftari dogo la maneno ya namna hii. Atakayelijaza mwenyewe atalifahamu somo kuliko atakayeazima la mwenziwe.

Kusikilizishana

Katika miaka ya 1970, Uri Treisman, katika University of California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi wa Marekani, wengi wao wenye bidii, walikuwa wakianguka katika hesabu za mwaka wa kwanza, hali wanafunzi wa asili ya Kichina walikuwa wakifaulu. Alikaa nao akawatazama. Hakuona upungufu wa akili wala wa juhudi, wala familia zisizojali. Aliona kuwa wale wa kwanza walisoma saa nyingi, kila mtu peke yake. Na wale wa pili walifanya hesabu kila mmoja kwao, kisha walikutana jioni, wakalinganisha majibu, wakakosoana, na swali lililowashinda wote walijua kuwa ni gumu kweli. Treisman alipoanzisha makundi ya kufanya hesabu ngumu kwa pamoja, wale waliokuwa wakianguka walianza kufaulu vizuri.

Madrasa huita jambo hili kusikilizishana. Kundi liwe la watu watatu au wanne. Kila mmoja aje akiwa amekwisha jaribu peke yake, maana kundi ambalo mmoja hutenda na watatu hunakili humfaa yule mmoja tu. Kila mmoja apewe zamu ya kueleza kwa sauti, na wenziwe wamwulize "kwa nini" mpaka ajibu au akiri kwamba hajui. Na mazungumzo ya mpira yawekwe baada ya kazi.

Usingizi na simu

Kukesha usiku wa kuamkia mtihani kumekuwa kama desturi chuoni. Wako waendao huko na kahawa ya kutafuna, ile ya kwetu Kagera, ili kuyafukuza macho mazito. Kahawa hufukuza usingizi, lakini haiwezi kufanya kazi ya usingizi. Maana ni katika kulala ndipo ubongo huyaimarisha yaliyosomwa mchana. Anayekesha huingia mtihanini na kichwa kizito, na mengi ya usiku ule hayakukaa. Aliyekwisha kurudia mara nne kwa majuma manane hana haja ya kukesha.

Ama simu, ina faida nyingi, na mihadhara mingi na vitabu vingi sasa humo hupatikana. Lakini ikiwa mezani wakati wa kufanya hesabu, hata ikinyamaza, sehemu ya moyo huingojea. Iwekwe chumba kingine, au apewe mwenzi, kwa saa moja tu. Saa hiyo ikiisha, irudi.

Sehemu ya wazazi

Wazazi wa Kamuli huenda wakasema: sisi hatukusoma fizikia, tutamsaidia vipi? Msaada wao ni mkubwa. Mwana akirudi likizo asiulizwe tu amepata alama ngapi, bali aambiwe: "Hebu nieleze ulichojifunza." Na asiachiwe akimbilie maneno ya Kiingereza, aeleze mpaka bibi yake afahamu. Akishindwa, atajua mwenyewe mahali palipobomoka, na hiyo ni faida ambayo hapana mwalimu wa kulipwa awezaye kuizidi.

Tuchukue ndizi. Kina mama wa Kagera wajua tangu zamani kwamba ndizi mbivu kwa haraka hupatikana kwa kuzifukia shimoni na kuzipasha moto kwa moshi. Mwanafunzi wa kemia au wa kilimo aulizwe sababu. Ajibu kwamba ndizi zinapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo hiyo huzihimiza nyingine kuiva. Kwamba shimo huizuia isitawanyike. Kwamba moshi nao una ethilini. Na kwamba joto huharakisha mambo yote. Kisha mama amwulize kwa nini ndizi moja iliyoiva sana huharibu mkungu mzima. Akijibu bila kufungua daftari, mama huyo na ajue kuwa pesa za kahawa hazikupotea.

Jambo la mwisho ni la nafasi. Likizo ndefu huangukia wakati wa mavuno ya kahawa, na mikono ya kijana yahitajika shambani. Na aende, maana shamba ndilo lililomsomesha. Lakini kabla ya kwenda, baada ya Alfajiri, aachiwe saa moja na karatasi tupu, na kuni na maji vimngoje kwa saa hiyo. Aliye na dada chuoni afanye vivyo hivyo kwa dada, maana mara nyingi kijana wa kiume huachiwa saa hiyo na msichana akatumwa jikoni, hali mtihani watakaoukuta ni mmoja.